Matini Bila Isnadi

Katika ofisi ndogo ya wakala wa shehena, hatua chache kutoka bandari ya majahazi pale Malindi, Unguja, ambako nilikuwa mtunzaji wa kumbukumbu za kompyuta, palikuwapo daftari kubwa ambamo makarani waliopokezana kalamu kwa miaka mingi waliandika siku na saa ya kuingia kila chombo, jina la nahodha, bandari alikotoka na shehena aliyoileta. Daftari hilo lilinakiliwa kwenye jedwali la kompyuta, na kutoka jedwalini likahamishiwa katika kanzidata, hata lilipofika mikononi mwangu lilikuwa limekwisha kupoteza rangi ya wino wake na miandiko ya watu wake, yakabaki maneno matupu. Mstari mmoja ninaukumbuka kwa moyo hadi leo: 04/05/2004, 10:00, kutoka Kilwa, mbao, mwezi mpevu. Kwa mstari huo mfupi, na kwa taksiri nilizozifanya nilipoushika, nilijifunza juu ya wakati, na juu ya amana ya kuandika habari za watu, mambo ambayo vitabu vya fani yangu havikunifundisha.

Kwa msomaji asiyefanya kazi hii sina budi kueleza kidogo. Kompyuta ikipewa "10:00" kama maandishi, huiona vile vile inavyoliona neno "mbao", yaani alama zilizopangwa moja baada ya nyingine. Haijui kwamba saa tisa hutangulia saa kumi, bali ukiiambia ipange huiweka 10:00 mbele ya 9:00, maadam alama ya moja hutangulia alama ya tisa. Wala haiwezi kuitoa tarehe moja katika nyingine ikakwambia chombo kilingoja gatini siku ngapi. Mwenye ofisi aliniagiza niyageuze maandishi yale yote kuwa wakati wa hakika unaojua ukanda wake wa saa, kwa sababu alikuwa na wateja Maskati, ambako saa iko mbele ya yetu kwa saa moja, na wengine Bujumbura na Lubumbashi, ambako iko nyuma kwa saa moja, na malalamiko ya kuchelewa kwa mizigo yalikuwa yakimjia kutoka kila upande, kila mlalamikaji akihesabu kwa saa ya ukuta wake mwenyewe.

Kanzidata tuliyoitumia ni PostgreSQL, nayo ina aina mbili za kuhifadhi tarehe na saa pamoja, ambazo majina yake yakaribia kufanana ilhali tabia zake ziko mbalimbali. Aina ya kwanza huhifadhi tarehe na saa kama zilivyosomwa ukutani bila kuuliza ukuta huo uko mji gani. Na hata ukiandika mwishoni mwa maandishi kwamba saa hii iko mbele ya UTC, saa ya kipimo ya dunia nzima, kwa saa tatu, neno lako hilo huliacha lianguke chini bila kukuonya. Aina ya pili, ambayo mafundi huiita timestamptz, huusoma ukanda uliotajwa, huigeuza saa hiyo kuwa saa ya UTC, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa 3, kisha huihifadhi nukta hiyo moja ya wakati iliyo ya walimwengu wote. Wengi hudhani, nami nilidhani, kwamba aina hii ya pili hulihifadhi na jina la ukanda pia. Hailihifadhi: ikishageuza hesabu, imekwisha kusahau ilikotoka. Na maandishi yakiijia pasi na kutaja ukanda wowote, haikatai wala haiulizi, bali huchukua ukanda uliowekwa katika mazungumzo yake na wewe kwa wakati ule, ikauvika maandishi hayo, ikaendelea na kazi kana kwamba yote yamesemwa.

Usiku wa kwanza wa kazi hiyo niliandika amri moja ya kuibadili safu nzima. Seva yetu ilikuwa imewekwa katika ukanda wa UTC, na utaratibu wake wa kusoma tarehe ulikuwa ule wa Marekani, wa kutanguliza mwezi na kufuatisha siku. Mistari iliyokuwa na siku ya 13 na kuendelea ilikataliwa pale pale, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Nikaitenga mistari hiyo, nikaisoma kwa utaratibu wetu wa kutanguliza siku, ikapita. Sikufikiri kwamba zile tarehe nyingine zilizokubaliwa bila manung'uniko, ambazo siku yake haikuzidi 12, zilikuwa zimekubaliwa kwa maana isiyokuwa yake. Asubuhi nikachapisha ripoti, na kwa kuwa wazee wa ofisi walipenda kusoma saa kwa lugha yao, nilikuwa nimeitengenezea programu ya kuandika saa kwa maneno: penye 10:00 ikaandika saa nne asubuhi.

Ripoti niliipeleka kwa karani mkongwe kuliko wote, mtu aliyesomesha chuoni jioni na kushika daftari mchana, ambaye sote tulimwita Maalim. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya karatasi polepole mpaka kikasimama penye lile jahazi la Kilwa.

"Chombo hiki kimeingia saa nne asubuhi?" akaniuliza. "Kasema nani?"

"Daftari, Maalim."

"Na daftari limesema mwezi mpevu. Mwezi mpevu ni bamvua, mwanangu. Siku ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yamepwa na mchanga uko wazi. Jahazi lililojaa mbao lilipita wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika bahari yetu ya Unguja, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa hufikia kadiri ya mita 4. Ni jambo ambalo kila mvuvi na kila mwanamke anayelima mwani analijua tangu utotoni. Karani wa mwaka ule, alipoandika 10:00, aliandika saa kumi, saa kumi ya alasiri, kama alivyoisema kwa kinywa chake, kwa hesabu ya watu wa pwani wanaoanza kuhesabu mchana kutoka kuchomoza kwa jua. Nami niliisoma kama wasomavyo watu wanaoanza kuhesabu kutoka katikati ya usiku. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni saa sita, na bahari nayo huchukua saa sita na dakika chache kutoka kujaa hadi kupwa, kwa hiyo kosa langu lilikuwa limekiweka chombo kile katika saa ile hasa ambayo bahari isingekubali kukipokea. Maji hayo, ambayo hayakuwa na safu yoyote katika kanzidata yangu, ndiyo yaliyosimama kuwa shahidi.

Shahidi huyo hata hivyo ana mpaka wa ushahidi wake, kwani maji yaliyojaa alasiri yalikuwa yamejaa pia alfajiri, na kwa bamvua peke yake hatuwezi kujua ni saa kumi ipi. Hapo Maalim alinisaidia kwa desturi ya ofisi: chombo kilichoingia kabla ya jua kuchomoza kiliandikiwa neno "usiku" au "alfajiri" pembeni, na kisichoandikiwa kitu ni cha mchana.

Nilirudi kwenye kompyuta nikiwa na haya na haraka, na haraka haina baraka. Nilijiambia kwamba kosa langu lilikuwa moja tu, la kutokuutaja ukanda. Kwa hiyo nikairudia kazi, nikaiamuru kanzidata iyasome maandishi yote kuwa ni ya ukanda wa "UTC+3", na ripoti zitolewe kwa saa ya Dar es Salaam. Mstari wa jahazi la Kilwa ukatoka ukisema saa kumi alasiri, kama Maalim alivyotaka. Nikaijaribu mistari mingine ya majahazi ya mchana, nayo ikatoka sawa. Nilifurahi furaha ya mtu aliyetua mzigo, nikaifuta safu ya zamani ya maandishi ili kanzidata iwe safi. Na katika makosa yangu yote, hilo la kufuta ndilo ninalojutia kuliko mengine.

Haikupita wiki, mfanyabiashara mmoja aliyetumia boti za abiria kupeleka vifurushi Dar es Salaam alikuja na ripoti yake mkononi, akauliza kwa upole vipi boti ya asubuhi, aliyoipanda mwenyewe saa moja, imeandikwa kuwa iliondoka saa saba mchana. Habari za boti hazikutoka katika daftari letu. Zilitujia kwa barua pepe kutoka ofisi nyingine, zikiwa zimepigwa chapa kwa hesabu ya saa 24, na 07:00 yao ilikuwa 07:00 kweli kweli, saa moja ya asubuhi. Nilikaa na jambo hilo siku mbili nzima ndipo nikalielewa. Kanzidata ikiandikiwa "UTC+3" kama jina la ukanda, huifuata kanuni ya zamani iitwayo POSIX, na katika kanuni hiyo alama ya kujumlisha ina maana ya kwenda magharibi mwa Greenwich, si mashariki. Kwa neno langu lile nilikuwa nimezihamisha bandari za Unguja zote mpaka upande wa pili wa Atlantiki, katika ukanda ulio nyuma ya UTC kwa saa tatu. Na kutoka saa tatu nyuma hadi saa tatu mbele ni saa sita.

Saa sita! Ndiyo tofauti ile ile ya hesabu ya Kiswahili na hesabu ya saa za kigeni. Kosa la kwanza, la kuisoma saa kumi kama saa nne, lilikuwa limerudisha wakati nyuma kwa saa sita. Na kosa la pili, la alama iliyogeuka, liliusukuma mbele kwa saa sita. Batili mbili zikakutana zikazaa sura ya haki, nami nikaiamini sura hiyo kwa sababu ilikuwa imepita mbele ya mzee ninayemheshimu. Lau boti zisingekuwamo katika jedwali moja na majahazi, ningeliishi na kosa hilo mpaka leo, na kila aliyekuja baada yangu angelijenga juu yake. Tangu siku ile jibu lililo sawa halinitoshi mpaka nijue limekuwa sawa kwa njia gani.

Nilipomweleza Maalim mambo haya hakunilaumu. Aliuliza tena swali lake la kwanza, kasema nani, kisha akanikumbusha jambo tulilosoma sote chuoni tukiwa wadogo, kwamba wanazuoni wa hadithi hawakuipokea habari kwa uzuri wa maneno yake. Kila hadithi ina sehemu mbili: matini, ambayo ndiyo maneno yenyewe, na isnadi, ambayo ni mlolongo wa watu waliopokezana maneno hayo, nani kamsikia nani, alikuwa wapi, na uaminifu wake ulikuwaje, na matini ikija bila isnadi, hata ikiwa tamu kama asali, haijengewi hukumu. "Hizi saa zako," akasema, "ni matini tupu. Umezihukumu kabla hujaziuliza zimetoka kwa nani."

Neno hilo ndilo nililolishika. "10:00" haina wakati ndani yake mpaka tujue aliyeandika ni nani, alikuwa mji gani, na alihesabu kutoka jua lilipochomoza au kutoka katikati ya usiku. Ukanda wa saa si pambo linalobandikwa mwishoni mwa tarehe ili mashine iridhike. Ni ushahidi wa mahali, na mahali hapajulikani kwa kuitazama namba.

Kazi tukaianza upya kwa tartibu. Kwa rehema ya Mungu nakala ya jedwali la kwanza ilikuwapo bado, nikayarudisha maandishi ya asili katika safu yao, nayo tangu hapo haikuguswa tena, kama vile mtu asivyoipaka wino barua ya marehemu. Kando yake tukaongeza safu ya kuonyesha habari imetoka wapi, daftarini au ofisi ya boti, na nyingine ya hesabu iliyotumika, ya Kiswahili au ya saa 24, na nyingine ya jina la ukanda, na ya mwisho ya wakati wenyewe uliogeuzwa. Saa za hesabu ya Kiswahili zikaongezwa sita kwanza, na zile zilizoandikiwa usiku au alfajiri zikapata hesabu yake mbali. Kisha zote zikatajiwa ukanda kwa jina lake kamili, Africa/Dar_es_Salaam, bila kujumlisha wala kutoa.

Fadhila ya jina juu ya namba ni kwamba jina hubeba tarikhi. Nyuma ya majina haya iko orodha iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ambayo imeandikwa ndani yake kila nchi ilibadili saa yake lini. Humo utaona kwamba Nairobi, kabla ya kutulia katika saa tatu mbele ya Greenwich, iliwahi kuwa mbele kwa saa mbili na nusu, na tena kwa saa mbili na dakika 45; na utaona kwamba London husogeza saa zake mbele kila Machi na kuzirudisha kila Oktoba, hata usiku mmoja wa mwaka saa moja nzima hupita mara mbili, na mtu akiandika saa saba na nusu ya usiku huo hatujui ni ipi kati ya hizo mbili. Sisi ambao usiku na mchana wetu hukaribia kulingana mwaka mzima hatuna haja ya mabadiliko hayo. Walakini barua za Ulaya hutufikia zikiwa na mabadiliko hayo ndani yake, na namba peke yake haitayaeleza.

Ilibaki tarehe. Jahazi la Kilwa lilikuwa limesomwa kuwa la 5 Aprili, na Maalim aliyeisahihisha saa hakuwa ameikamata siku, kwa sababu ya ajabu kabisa: mwaka ule wa 2004 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 5 Aprili, na ukawa mpevu tena tarehe 4 Mei. Bamvua ilikuwapo siku zote mbili, na bahari ingetoa ushahidi ule ule kwa yoyote kati yake. Basi Maalim akaagiza daftari lenyewe litolewe kabatini. Tukaukuta ukurasa, na chini ya jahazi la Kilwa, pembeni, kwa maandishi madogo ambayo mnakili aliyaruka kwa kuwa hayakuwa na safu ya kuwekwa, tukasoma: usiku huu saa tano na nusu mwezi umepatwa wote.

Maalim akavua miwani. "Naukumbuka," akasema. "Ilikuwa siku mbili tatu baada ya Maulidi. Tuliswali swala ya kupatwa kwa mwezi."

Nikatazama majedwali ya wanafalaki. Tarehe 4 Mei 2004 mwezi ulipatwa kikamilifu, na kilele cha kupatwa kilikuwa saa 20:30 ya UTC. Ongeza tatu, ni 23:30. Toa kumi na mbili kisha punguza sita, ni saa tano na nusu usiku. Karani yule, ambaye hakupata kusikia neno UTC, aliusimamisha mwezi kuwa isnadi yake, na kwa neno moja la pembeni akathibitisha siku, akathibitisha mwezi wa mwaka, akathibitisha hesabu ya saa aliyoitumia na ukanda aliosimama.

Kutoka hapo tulikwenda ukurasa kwa ukurasa. Tulikuta makarani wa zamani zaidi walioandika "usiku wa Ijumaa, saa tatu", wakiwa na maana ya usiku ambao sisi leo tungeuita wa Alhamisi, kwa kuwa kwao siku huanza magharibi jua linapotua. Na ndiyo maana watangazaji wa leo, kwa kuogopa kutoelewana, husema usiku wa kuamkia Ijumaa. Mistari hiyo ikarudishwa nyuma siku moja, na sababu ikaandikwa kando yake kwa jina la aliyeamua.

Ilibaki mistari ambayo haikuwa na bamvua, wala mwezi, wala neno la pembeni, wala karani aliye hai wa kuulizwa alihesabu kwa saa ya Kiswahili au ya saa 24. Mashine ingekubali kuipa saa yoyote niliyoitaka, na ripoti ingependeza zaidi bila mapengo. Nilimwonyesha Maalim mmoja wa mistari hiyo: tarehe, 6:00, jina la bandari, basi. Akautazama kwa muda mrefu, akageuza ukurasa wa mbele na wa nyuma, akalifunga daftari taratibu.

"Maneno yake yaandike kama yalivyo," akasema. "Na ile safu yako ya wakati, iache wazi."

Nikaiacha wazi, na iko wazi hadi leo.